Mgonjwa Anayeyumba Asiketishwe: Mazoezi ya Msawazo wa Mwili Nyumbani, Chinongwe

Katika vijiji vya Chinongwe, kwenye ukanda wa Ruangwa na Nachingwea mkoani Lindi, mtu anayeyumba njiani mchana kweupe huhukumiwa kabla ya kuchunguzwa. Wapita njia husema amelewa. Ikijulikana kwamba hanywi pombe, husemwa amerogwa. Hukumu ya nyumbani ni ya upole zaidi, na ndiyo maana haitiliwi shaka: mgonjwa hutandikiwa mkeka barazani, huchotewa maji, huletewa chakula alipo, na kila akitaka kuinuka huambiwa, “Kaa tu, utaanguka.” Miezi inapita. Yule aliyekuwa akienda kwa kupepesuka hadi kisimani sasa hawezi kuvuka ua. Jamaa husema ugonjwa umemzidi. Sehemu ya kauli hiyo ni kweli, lakini sehemu nyingine ya nguvu iliyopotea haikuchukuliwa na ugonjwa, bali na mkeka.

Hali inayozungumzwa hapa huitwa na matabibu ataksia ya serebela. Serebela ni ubongo mdogo ulioko upande wa kisogo, chini ya ubongo mkubwa. Kazi yake si kuupa mwili nguvu, bali ni kuupangia mwendo: misuli gani ianze, kwa kiasi gani, na isimame lini. Serebela inapoharibika, misuli hubaki na nguvu zake lakini hukosa mpangilio. Mgonjwa hutembea ameitanua miguu, mkono unaofuata kikombe hukipita au hutetemeka ukikikaribia, maneno hutoka yakiburutika, na macho hurukaruka. Daktari Gordon Holmes aliyaeleza haya kwa makini mwaka 1917, baada ya kuwachunguza askari wa Vita Kuu ya Kwanza waliopigwa risasi kisogoni. Zaidi ya miaka 100 baadaye maelezo yake bado yanafundishwa vyuoni, ilhali barazani mtu huyohuyo bado anaitwa mlevi.

Kabla ya neno lolote kuhusu mazoezi, sharti moja litangulie. Kuyumba si jina la ugonjwa mmoja. Kuyumba kulikoanza ghafla, pamoja na kutapika, kichwa kuuma sana, kuona vitu viwili viwili au usingizi usio wa kawaida, kunaweza kuwa kiharusi au shinikizo ndani ya kichwa, na mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mtoto anaweza kuyumba baada ya tetekuwanga. Mtu mzima baada ya malaria kali, kwa unywaji wa pombe wa miaka mingi, kwa upungufu wa vitamini B1, au kwa dozi ya dawa ya kifafa, hasa fenitoini, iliyopita kiasi. Baadhi ya sababu hizi hutibika, na dozi ya dawa ikirekebishwa mapema, mwendo unaweza kurudi bila zoezi hata moja. Kusini, ambako muhogo ni chakula cha kila siku, kuna jambo jingine la kutenganisha. Konzo, ugonjwa unaoletwa na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, uliopata kuripotiwa Tarime mwaka 1985 na mkoani Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000, huikakamaza miguu. Mgonjwa wa konzo hutembea kwa ncha za vidole, magoti yakikaribiana. Mgonjwa wa serebela huitanua miguu na kwenda kama aliye ndani ya mtumbwi. Anayewachanganya hao wawili atampa kila mmoja zoezi la mwenzake.

Baada ya uchunguzi, wako wengi ambao sababu yao haiondoki: ataksia ya kurithi inayoendelea polepole, kovu la kiharusi, au serebela iliyosinyaa kwa sababu isiyojulikana. Kwa hawa hakuna kidonge cha kuirudisha serebela, na hapo ndipo mgonjwa huambiwa arudi nyumbani. Neno “nyumbani” katika sentensi hiyo lina maana mbili, na makala haya yanatetea moja dhidi ya nyingine. Linaweza kuwa na maana ya mwisho wa tiba. Linaweza pia kuwa mahali ambapo tiba yenyewe inaanza.

Kwa muda mrefu hata wataalamu walisita kuwapa wagonjwa wa serebela mazoezi mazito, na kusita kwao hakukuwa uvivu. Serebela ndicho kiungo kinachojifunza kutokana na makosa: mguu ukikosea hatua, serebela hulipokea kosa hilo na kuirekebisha hatua inayofuata. Sasa, mwalimu mwenyewe akiwa mgonjwa, mwanafunzi atafundishwa na nani? Swali hilo lilikuwa na uzito wake, na mantiki pekee haikuweza kulijibu. Ilibidi watu wapimwe.

Mwaka 2009 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 16 waliofanya mazoezi makali ya uratibu wa mwili kwa wiki 4, saa moja kila mara, mara 3 kwa wiki. Walipimwa kwa kipimo kiitwacho SARA, ambacho huipa ataksia alama kuanzia 0 hadi 40, kadiri alama zinavyopanda ndivyo hali ilivyo mbaya. Alama zao zilishuka, na walionufaika zaidi walikuwa wale ambao ugonjwa wao ulikuwa kwenye serebela yenyewe. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walileta habari za wagonjwa 42 waliofanya mazoezi kila siku hospitalini kwa wiki 4. Nafuu ilionekana, kisha ikaanza kufifia walipotoka, ingawa baada ya wiki 24 zaidi ya nusu walikuwa bado afadhali kuliko walivyoanza. Kufifia huko ni somo sawa na nafuu yenyewe. Ugonjwa unaendelea kila siku. Mazoezi ya mwezi mmoja kwa mwaka hayawezi kushindana nao. Na ni hospitali gani, ya Japani au ya Lindi, itakayomweka mgonjwa mmoja wodini mwaka mzima ili afanye mazoezi?

Kwa sababu hiyo utafiti wenye faida kubwa zaidi kwa Chinongwe ni mdogo kuliko mingine, na ulifanyika majumbani mwa wagonjwa. Jennifer Keller na Amy Bastian, wa Taasisi ya Kennedy Krieger mjini Baltimore, Marekani, waliwapa watu 14 mpango wa mazoezi ya msawazo wa kufanyia nyumbani kwa wiki 6. Kila mtu alipewa mpango wake, si karatasi moja kwa wote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: mwendo wao uliongezeka kasi, hatua zikawa ndefu, na mwezi mmoja baada ya mazoezi kwisha sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilikuwa bado ipo. Lakini jambo lililopaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila chumba cha fiziotherapia ni hili: aliyepata nafuu kubwa hakuwa yule aliyefanya mazoezi kwa muda mrefu zaidi, bali yule ambaye mazoezi yake yaliutia msawazo wake majaribuni. Dozi ya dawa hii haihesabiwi kwa dakika, inahesabiwa kwa ugumu.

Hapo ndipo karatasi nyingi za mazoezi wanazopewa wagonjwa hukosea. Huchora mtu aliyeketi kitini akiinua mguu mmoja, kisha mwingine, mara 10, na kuishia hapo. Mazoezi hayo ni salama, wala hayana ubaya kwa aliyetoka kitandani jana. Lakini mgonjwa anayeweza kusimama akiyafanya kwa miezi 3 atakuwa hodari wa kuinua mguu akiwa kitini, basi. Mwili hujifunza kile unachoshindwa kidogo. Zoezi lisilomyumbisha mtu halimfundishi kutoyumba.

Vifaa vya kufanyia hayo vipo Chinongwe tangu zamani. Mgonjwa ambaye hawezi kusimama huanzia kwenye kigoda, miguu ikiwa chini, bila kuegemea, akinyoosha mkono kuchukua punje za mahindi kutoka kwenye ungo uliowekwa mbele, kisha kulia, kisha kushoto, kila siku mbali kidogo kuliko jana. Anayeweza kusimama hupelekwa kwenye pembe ya nyumba, pale kuta mbili zinapokutana, mgongo ukielekea pembeni: akiyumba kulia ukuta upo, akiyumba kushoto ukuta upo, na mbele yake amesimama mtu. Huanza miguu ikiwa imetanuka kama alivyozoea, halafu huikaribisha hadi igusane, halafu mguu mmoja mbele ya mwingine. Akiweza kukaa hivyo akihesabu hadi 30, hugeuza kichwa polepole, kulia na kushoto, kama anayesalimiwa na watu wa pande mbili za barabara. Akiweza hilo, hukanyaga mkeka uliokunjwa mara mbili au gunia lililojazwa makapi, maana ardhi laini huiibia miguu habari za mahali ilipo. Kufumba macho ni hatua ya mbali, wala si ya kila mtu.

Kisha kuna kutembea. Mstari uliochorwa kwa kijiti juu ya mchanga wa uani unatosha: kwenda kwa hatua za kawaida, kwenda kiubavu, kugeuka, kuuvuka mchi uliolazwa chini bila kuugusa. Kugeuka kupewe muda wake, kwani wagonjwa wengi huanguka wakati wa kugeuka, si wakati wa kwenda moja kwa moja. Mzee atakayeitwa na mjukuu akiwa katikati ya ua, akageuka kwa haraka ili aitike, amefanya zoezi gumu kuliko yote yaliyotajwa hapa bila kujiandaa.

Kipimo cha ugumu unaofaa ni rahisi na hakihitaji mashine. Mgonjwa akifanya zoezi mara 10 bila kuyumba hata mara moja, zoezi hilo limekuwa jepesi, liongezwe. Akishikwa ili asianguke karibu kila mara, ni zito mno, lipunguzwe. Zoezi lake ni lile ambalo katika mara 10 humpepesua mara kadhaa, naye akajirudisha mwenyewe. Kule kujirudisha ndiko tiba.

Ni wajibu kukiri kwamba ushauri huu una hatari ndani yake. Kumwambia mtu anayeyumba afanye jambo litakalomyumbisha ni kumsogeza karibu na kuanguka, na mfupa wa nyonga ukivunjika Chinongwe si jambo la siku 10. Wanaopendelea mazoezi mepesi hutoa hoja hii, na wana haki. Lakini hoja yao inalinganisha mazoezi na usalama ambao haupo. Mgonjwa aliyeketishwa mkekani huanguka pia: usiku akienda chooni peke yake, gizani, kwa miguu iliyodhoofika kwa kukaa. Tofauti ni kwamba huko huanguka bila mtu, ilhali katika mazoezi mtu yupo. Hivyo swali halisi ni kuhusu huyo mtu wa pembeni na anavyosimama.

Mapenzi ya jamaa humshika mgonjwa mkono. Mkono ulioshikwa huichukua kazi yote ya kusawazisha, na mgonjwa hutembea kwa serebela ya mwanawe. Msaidizi anayefaa husimama nyuma kidogo na upande mmoja, mkono mmoja ukiwa tayari karibu na kanga iliyofungwa imara kiunoni mwa mgonjwa. Haivuti. Huishika pale tu mgonjwa anaposhindwa kujirudisha. Kumfundisha binti kuyatazama mateso madogo ya mama yake kwa kuhesabu moja, mbili, kabla ya kumdaka, ni kazi ngumu kuliko kumfundisha mama mwenyewe, na muda wa kliniki haujawahi kutengwa kwa ajili yake. Miongoni mwa Wamwera, ambao kwa jadi ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, neno la mjomba lina uzito katika kuamua mgonjwa apelekwe wapi na atunzwe vipi. Mtaalamu anayemwelekeza mgonjwa peke yake, akamwacha mjomba nje ya chumba, asishangae akisikia kwamba mazoezi yalikatazwa kwa sababu “mnamtesa mtu mzima”.

Inabaki maana ile nyingine ya “nyumbani”, maana mbaya. Mazoezi ya nyumbani yanaweza kugeuka kisingizio kizuri cha kuokoa fedha: karatasi moja, kwaheri, kitanda kimepatikana. Ieleweke kwamba watu 14 wa Baltimore hawakuachwa hivyo. Mtaalamu aliwapima, akawapangia, akarudi kuwabadilishia mazoezi yalipokuwa mepesi. Mpango usioongezwa ugumu hufa baada ya wiki 2. Kutoka Chinongwe, kufuata fiziotherapia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Lindi, Sokoine, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mtwara, ni nauli ya watu wawili, kwa kuwa mgonjwa wa namna hii hasafiri peke yake. Ama Dar es Salaam, Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilionyesha udhaifu wa tegemeo hilo pale barabara ya kwenda Lindi ilipokatika eneo la Somanga na kwingineko. Huduma inayomtaka mtu anayeyumba apande basi kila wiki haikuundwa kwa ajili yake.

Mtu wa kuziba pengo hilo ametajwa tayari katika sera ya nchi. Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwafikia zaidi ya wahudumu 137,000. Wahudumu hao hutembea nyumba kwa nyumba kwa ajili ya uzazi, lishe, malaria na kifua kikuu. Mwaka 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani nao ulipitisha azimio la kuimarisha huduma za utengamao ndani ya mifumo ya afya, na utengamao usioifikia zahanati ya kijiji umebaki azimio tu. Mhudumu wa jamii hahitaji kuijua serebela kwa undani. Anahitaji kujua mambo manne: dalili za hatari zinazomrudisha mgonjwa hospitali, jinsi msaidizi anavyosimama, kanuni ya mara 10, na namba ya simu ya mtaalamu wa fiziotherapia aliyeko mkoani. Akipita kila baada ya wiki 2, akatazama, akaongeza au kupunguza, karatasi itakuwa tiba. Asipopita, haitakuwa.

Wakosoaji watasema ushahidi wenyewe ni mchache, wa makundi madogo, na wa nchi tajiri. Ni kweli yote matatu. Tena habari mpya zaidi zinaongeza utata. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliwalinganisha watu wenye ataksia ya serebela waliofanya nyumbani mazoezi ya kuendesha baiskeli isiyosogea na wengine waliofanya mazoezi ya msawazo, na kundi la baiskeli lilipata nafuu kubwa zaidi katika dalili za ataksia. Matokeo hayo hayafuti hoja ya msawazo. Yanaonyesha kwamba moyo na mapafu navyo vinadai sehemu yao. Mnoa visu wa vijijini, anayepiga pedali huku baiskeli yake imesimamishwa kwa stendi ya nyuma, anajua kwamba kifaa cha New York si cha ajabu. Hata hivyo stendi hiyo haikutengenezwa kwa mtu asiyeweza kujisawazisha; mpaka fundi apatikane wa kuifunga baiskeli imara kwenye nguzo, matembezi marefu ya kila siku pamoja na msaidizi yanaweza kumpa mgonjwa jasho hilohilo. Utafiti wa kulipima jambo hili kusini mwa Tanzania ni kazi inayowangoja vyuo vya nchi hii, na hauhitaji mashine ghali: saa, kamba ya kupimia mita 10, na daftari.

Daftari hilo lianzie nyumbani. Mtoto wa shule anaweza kuandika kila Jumamosi ni hatua ngapi bibi yake alizipiga juu ya mstari wa mchanga kabla ya kutoka nje ya mstari. Katika ataksia inayoendelea, tarakimu zitashuka siku moja, na ni heri familia iambiwe hivyo tangu mwanzo, ili kushuka kusichukuliwe kuwa dalili ya uvivu wa mgonjwa wala ya mazoezi kutofaa. Mgonjwa aliyebaki pale alipokuwa mwaka jana, katika ugonjwa unaorudisha nyuma, ameshinda.

Mpango wowote utakaoandikwa kwa ajili ya Chinongwe usisahau kalenda ya shamba. Kuanzia Oktoba, korosho zinapodondoka, nyumba hubaki tupu mchana na msaidizi hayupo. Wakati huo mgonjwa anayeweza kusimama aende shambani pamoja na wengine, apewe safu moja ya mikorosho iliyofagiliwa chini, ndugu mmoja akiokota karibu yake. Kuinama, kuokota korosho, kuinuka, kugeuka na kuitia ndani ya ndoo iliyowekwa upande wa pili: hakuna zoezi kwenye karatasi ya hospitali linaloujaribu msawazo kwa ukamilifu huo, na jioni ndoo itakuwa na kitu ndani yake.